Presha ya ukoo na potasiamu iliyodharauliwa: kisa cha fundi seremala wa Keko

Kijana wa miaka 23, fundi seremala katika karakana za Keko, Dar es Salaam, aliletwa kliniki na mama yake mzazi siku moja baada ya kuanguka akiwa amebeba ubao. Hakuzimia wala hakuteleza. Alieleza kuwa mikono na mapaja vilimlegea ghafla, na kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa hawezi kupiga randa kwa robo saa bila kupumzika, jambo ambalo wenzake walilichukulia kuwa ni uvivu wa kijana wa mjini. Usiku mashavu ya miguu yalikuwa yakimkaza, na aliamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo. Presha yake ilisoma 184/116, na baada ya kupumzishwa nusu saa ikasoma 180/114, mikono yote miwili ikiwa karibu sawa. (Katika maelezo haya presha ni milimita za zebaki na potasiamu ni milimoli kwa lita; mambo yanayoweza kumtambulisha kijana na jamaa zake nimeyaacha au kuyabadilisha.)

Mama alitoa jibu kabla hajaulizwa: "Daktari, hii presha ni ya ukoo wetu. Mimi ninayo, mama yangu amekufa nayo, na kaka yangu ndiyo iliyomwangusha." Kwake yeye maneno hayo yalikuwa yamemaliza mazungumzo. Kwa bahati mbaya yalikuwa yameyamaliza hata kwa wahudumu waliomwona kijana kabla yetu, kwani katika daftari lake la kliniki iliandikwa kwa mstari mmoja kwamba presha ni ya kurithi, kisha zikafuata dawa. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba hapo ndipo mazungumzo yalipopaswa kuanza. Mtu akisema presha ni ya kurithi, inafaa aulizwe ni kitu gani hasa kilichorithiwa, na kitu hicho kinafanya kazi katika sehemu gani ya mwili.

Presha hiyo ilikuwa imegunduliwa akiwa na miaka 21, alipopimwa afya kwa ajili ya ajira ya ulinzi ambayo hakuipata. Alianzishiwa amlodipini, baadaye ikaongezwa losatani, kisha haidroklorothiazaidi, ambayo yeye aliiita kidonge cha kukojoza. Presha haikuwahi kushuka chini ya 160 kwa namba ya juu. Katika hudhurio la mwisho potasiamu yake ilikuwa 2.4, na mhudumu aliandika kuwa imeshushwa na kidonge cha kukojoza, akakisimamisha na kumpa vidonge vya potasiamu. Maelezo hayo yalikuwa na mantiki, kwa kuwa dawa za kundi hilo hushusha potasiamu kweli. Hata hivyo, kati ya kurasa za daftari lilelile kulikuwa na karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne, ya ule upimaji wa ajira, ambayo ilionyesha potasiamu ya 3.0. Siku hiyo kijana alikuwa hajameza kidonge chochote cha presha maishani mwake. Mtu mwenye presha ya juu ambaye potasiamu yake iko chini kabla ya dawa anahitaji maelezo mengine, na karatasi hiyo ilikuwa imekaa humo kwa miaka miwili bila kusomwa sambamba na tarehe ya dawa ya kwanza.

Historia ya ukoo ilichukua muda mrefu kuliko uchunguzi wa mwili, na ilistahili. Bibi mzaa mama alifariki akiwa na figo zilizoshindwa kazi. Mama, ambaye sasa ana miaka 47, aligunduliwa na presha akiwa na miaka 28. Mjomba alipata kiharusi akiwa na miaka 34 na hakuamka tena. Nyumbani kwao bado kuna wanaoamini kwamba alitupiwa jini, kwa sababu kijana wa umri huo, mwembamba na asiyekunywa pombe, hapooziki hivihivi. Naelewa ni kwa nini walifikiri hivyo, maana hata mimi kiharusi cha umri huo hunishtua. Upande wa baba hakukuwa na tatizo. Kijana ana mdogo wake wa kiume wa miaka 19 na wa kike wa miaka 15, na hakuna aliyekuwa amewapima. Tulipochora mti wa ukoo, ugonjwa ulionekana katika kila kizazi bila kuruka, kwa wanaume na kwa wanawake, na ulipita kutoka kwa mzazi mmoja tu mwenye ugonjwa kwenda kwa mtoto. Mchoro wa namna hiyo ndio unaotarajiwa pale ambapo nakala moja tu yenye kasoro ya jeni inatosha kuleta ugonjwa.

Katika mwili hakukuwa na mengi. Hakuwa mnene. Mapigo ya kinena yalikuwa na nguvu na yalikwenda sawia na ya mkono, kwa hiyo hapakuwa na dalili ya mbano katika mshipa mkuu utokao moyoni. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha ukuta wa kushoto wa moyo ulionenepa na mawimbi ya U, ambayo huonekana potasiamu inapopungua. Ultrasaundi ilionyesha figo za ukubwa wa kawaida na mishipa yake ikipitisha damu vizuri. Potasiamu ya damu ilikuwa 2.9, wakati mkojo uliochukuliwa saa ileile ulikuwa na potasiamu 48. Mwili uliopungukiwa na potasiamu ungepaswa kuibana kwenye mkojo, lakini figo hizi zilikuwa zikiimwaga. Bikaboneti ilikuwa 32, yaani damu ilielekea upande wa alkali. Kreatinini, taka ya damu inayoonyesha kama figo zinachuja vizuri, ilikuwa ya kawaida.

Ili kuona tarakimu hizo zinasema nini, ni lazima kwanza kueleza hesabu ya chumvi ndani ya figo. Figo mbili za mtu mzima huchuja takribani lita 180 za maji ya damu kwa siku, na sodiamu iliyomo ni sawa na kilo moja na nusu hivi ya chumvi ya mezani. Zaidi ya asilimia 99 ya sodiamu hiyo hurudishwa katika damu. Karibu theluthi mbili hurudishwa mwanzoni mwa mrija wa figo, robo hivi hurudishwa katika kitanzi cha Henle, na asilimia chache hurudishwa katika sehemu inayofuata, ambako ndiko haidroklorothiazaidi hufanya kazi. Kinachobaki kufika kwenye mrija wa mwisho, ule wa kukusanyia mkojo, ni kidogo sana, lakini huko ndiko uamuzi hufanyika. Ni kama konda wa daladala katika kituo cha mwisho, ambaye abiria wengi wameshateremka kabla yake lakini hesabu ya siku hufungwa mkononi mwake. Konda huyo ni mlango wa sodiamu uitwao ENaC, uliojengwa kwa protini tatu, alfa, beta na gama, ambazo maelekezo yake yako kwenye jeni za SCNN1A, SCNN1B na SCNN1G.

Sodiamu ikiingia kupitia ENaC, maji huifuata, ujazo wa damu huongezeka na presha hupanda. Vilevile chaji hasi hubaki ndani ya mrija, nayo huvuta potasiamu na hidrojeni zitoke kwenye seli kwenda kwenye mkojo, na ndiyo sababu mtu mmoja huwa na presha ya juu, potasiamu ya chini na damu ya alkali kwa wakati mmoja. Kwa kawaida mlango huu hutawaliwa kutoka mbali. Figo zikihisi damu imepungua hutoa renini, renini huanzisha mlolongo unaozaa anjiotensini, anjiotensini huziamuru tezi zilizokaa juu ya figo zitoe homoni ya aldosteroni, na aldosteroni huongeza idadi ya milango ya ENaC iliyo wazi. Damu ikijaa, renini hushuka na milango hupunguzwa. Mwanafiziolojia Arthur Guyton na wenzake walisisitiza jambo jingine linalohusiana na hili, kwamba figo yenye afya ikikutana na presha iliyopanda humwaga chumvi na maji mpaka presha irudi. Kwa mtazamo huo, presha inayokaa juu miaka kwa miaka ina maana kwamba figo, kwa sababu moja au nyingine, imekubali kufanya kazi katika kiwango kipya.

Kwa hiyo tulikuwa na maswali yenye mpangilio. Je, aldosteroni ni nyingi kupita kiasi? Je, kuna kitu kingine kinachoiga kazi yake? Au mlango wenyewe umekataa kutawaliwa?

Kiharusi cha mjomba kilitupeleka kwanza kwenye njia isiyo yetu. Upo ugonjwa wa kurithi ambamo jeni mbili jirani kwenye kromosomu ya 8 huungana vibaya, kiasi kwamba aldosteroni huanza kutengenezwa kwa amri ya homoni ya tezi iliyo chini ya ubongo, ambayo kwa kawaida huamuru homoni nyingine ya tezi za juu ya figo, kotisoli, na wenye ugonjwa huo wanajulikana kwa kupata kiharusi cha kuvuja damu wakiwa vijana. Kasoro hiyo ilielezwa mwaka 1992 na kundi la mtafiti wa jeni Richard Lifton, na dozi ndogo ya dawa ya jamii ya kotisoli huituliza. Tuliuweka ugonjwa huu juu ya orodha, pamoja na uvimbe wa tezi ya juu ya figo unaotoa aldosteroni nyingi, ambao daktari Jerome Conn aliueleza mwaka 1955. Ugonjwa wa Gordon, ambao nao hurithiwa na hutokana na jeni kama WNK1 na WNK4, haukutuchukua hata dakika moja, kwa sababu wenye ugonjwa huo huwa na potasiamu ya juu.

Wakati tukitafuta uwezekano wa kupima renini na aldosteroni, ambavyo havipatikani kila mahali na si bei rahisi kwa fundi anayelipwa kwa kazi, tulimpa spironolaktoni ya miligramu 50, baadaye 100. Dawa hii huzuia kipokezi cha aldosteroni, na mtu ambaye presha yake inatokana na aldosteroni kwa kawaida hupata nafuu inayoonekana. Baada ya wiki 6 presha ilikuwa 172/110 na potasiamu 3.0. Swali la kwanza ambalo daktari yeyote wa Dar es Salaam angeuliza ni kama dawa zimemezwa kweli. Mama alitoa mfukoni maganda matupu ya vidonge aliyoyahifadhi moja baada ya jingine, akayapanga mezani. Sikuwa na la kusema. Dawa ilikuwa imemezwa na ilikuwa imeshindwa, na kushindwa kwake kulitufundisha mengi kuliko vipimo vyote vilivyotangulia.

Tulisimamisha spironolaktoni na losatani kwa muda wa kutosha, tukamweka kwenye amlodipini na doksazosini ambazo haziharibu sana majibu, na tukamwongezea potasiamu kwanza, kwa sababu potasiamu ikiwa chini sana aldosteroni hushuka yenyewe na jibu linaweza kudanganya. Renini ilirudi ikiwa chini kuliko kiwango ambacho mashine inaweza kusoma. Aldosteroni nayo ilikuwa chini. Hapo ugonjwa wa Conn na ule wa kromosomu ya 8 vikaanguka pamoja, kwa kuwa vyote huhitaji aldosteroni isiyoendana na renini. Mwili wa kijana huyu ulikuwa unajua kwamba umejaa chumvi, ulikuwa umezima amri zote mbili, na bado mrija wa mwisho uliendelea kurudisha sodiamu.

Zilibaki hali tatu. Ya kwanza ni upungufu wa kimeng'enya kinachovunja kotisoli ndani ya figo, ambapo kotisoli huchukua nafasi ya aldosteroni kwenye kipokezi chake; hali hii huhitaji nakala mbili zenye kasoro, moja kutoka kwa kila mzazi, haipiti kila kizazi kama ilivyo hapa, na spironolaktoni huisaidia. Mtu anaweza pia kuipata kwa kula mizizi ya likorisi kwa wingi, na kwa sababu hiyo tuliuliza kwa makini kuhusu dawa za miti shamba. Kijana alikuwa ametumia mwarobaini tu. Ya pili ni badiliko la kipokezi chenyewe, lililoelezwa mwaka 2000, ambalo hufanya presha ya wanawake ipande vibaya wakiwa wajawazito na huifanya spironolaktoni iwashe kipokezi badala ya kukizima. Kijana wetu hakuzidiwa kwa dawa hiyo, na mama yake alizaa watoto watatu bila presha yake kubadilika sana. Ya tatu ni ugonjwa wa Liddle.

Grant Liddle na wenzake walieleza mwaka 1963, nchini Marekani, ukoo wenye presha ya juu, potasiamu ya chini na aldosteroni ya chini, wakaona kwamba spironolaktoni haikuwasaidia lakini triamterini, inayoziba mlango wa sodiamu moja kwa moja, iliwasaidia. Msichana aliyeanzia uchunguzi huo figo zake zilishindwa baadaye, na mwaka 1989 alipandikizwa figo ya mtu mwingine. Presha na potasiamu vikatengemaa. Ushahidi wa namna hiyo ni mgumu kuupinga, kwa kuwa mwili ulibaki uleule na figo pekee ndiyo iliyobadilishwa. Mwaka 1994 kundi la Lifton likaonyesha kasoro ilipo, katika jeni ya SCNN1B, na mwaka uliofuata ikapatikana nyingine katika SCNN1G.

Kasoro yenyewe inapendeza kuielezea, japo si kuiugua. Protini za beta na gama zina mikia inayoning'inia ndani ya seli, na kwenye mkia kuna mfuatano mfupi wa asidi amino, hasa prolini na tirosini, ambao hutambuliwa na protini nyingine iitwayo Nedd4-2. Nedd4-2 hubandika alama ya yubikwitini kwenye mlango, na mlango wenye alama hiyo huvutwa ndani ya seli na kuvunjwavunjwa. Mkia ukikatika, au mfuatano huo ukibadilika hata kwa herufi moja, Nedd4-2 haina pa kushika. Milango huendelea kurundikana kwenye uso wa seli, na mingi hubaki wazi. Aldosteroni inaweza kushuka hadi sifuri na isibadilishe kitu, kwa sababu tatizo haliko kwenye amri ya kuongeza milango bali kwenye kuiondoa. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini spironolaktoni ilipita kama maji juu ya jani la mgomba. Inaeleweka pia kwa nini haidroklorothiazaidi ilimwangusha zaidi: ilizuia sodiamu isirudishwe sehemu ya juu, sodiamu ikamiminika kwa wingi kwenye milango isiyofungwa, na kila iliyopita iliifukuza potasiamu.

Dawa iliyotakiwa ilikuwa amiloridi, ambayo huziba tundu la ENaC bila kujali nani ametoa amri gani. Hatukuipata ikiwa peke yake katika famasi tulizozijaribu. Iliyokuwapo ni ile ya miligramu 5 iliyochanganywa na miligramu 50 za haidroklorothiazaidi. Mwenzangu mmoja alipinga, akisema mchanganyiko ungeharibu ushahidi. Niliona tofauti. Haidroklorothiazaidi peke yake ilikuwa imeshaonekana kwa kijana huyu ikishusha potasiamu hadi 2.4 bila kushusha presha ya maana, kwa hiyo kama mchanganyiko ungepandisha potasiamu na kushusha presha, sifa ingekuwa ya amiloridi tu. Baada ya wiki 3 presha ilikuwa 148/94 na potasiamu 3.5. Jamaa yao aliyesafiri alirudi na amiloridi tupu, tukampa miligramu 5 mara mbili kwa siku na kuacha vidonge vya potasiamu kabisa. Mwezi mmoja baadaye presha ilikuwa 134/84 na potasiamu 4.3, na alikuwa anapiga randa nusu siku.

Chumvi ilichukua sehemu kubwa ya mazungumzo, kwa sababu sodiamu ikiwa nyingi ndani ya mrija hushindana na amiloridi kwenye mdomo wa mlango. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Kijana alikuwa akila mchana chipsi za kibandani zilizonyunyiziwa chumvi juu ya chumvi, jioni ng'onda, na katikati embe bichi la chumvi na pilipili. Tulikubaliana aanze na ng'onda. Jirani alikuwa amemshauri anywe madafu kila siku ili kurudisha potasiamu, ushauri uliokuwa mzuri kabla ya amiloridi na ambao sasa ulihitaji kiasi. Chumvi mbadala zilizotengenezwa kwa potasiamu tulizikataza moja kwa moja.

Jeni yenyewe haijasomwa. Gharama ya kupeleka sampuli nje ilizidi uwezo wa familia, na matibabu yasingebadilika. Kwa hiyo kwenye daftari nimeandika ugonjwa wa Liddle kwa ushahidi wa renini, aldosteroni, ukoo na mwitikio wa dawa, na sikuandika kwamba umethibitishwa kwa jeni. Ugonjwa huu ni wa nadra sana, na ningesikitika kama msomaji angetoka hapa akidhani presha nyingi za ukoo ni za namna hii. Presha ya kawaida inayotembea katika familia huchangiwa na jeni nyingi. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2018 uliohusisha watu zaidi ya milioni moja ulihesabu maeneo 901 kwenye jinomu, ambayo kila moja huisogeza presha kidogo sana. Hata hivyo, njia ya figo haiko kwa wenye magonjwa ya nadra tu. Mwaka 1983 huko Marekani ilichapishwa taarifa ya watu 6 weusi waliokuwa na presha ya kawaida isiyo na chanzo maalumu, ambao figo zao ziliharibika. Walipopandikizwa figo za watu wasio na presha, presha yao ilitengemaa. Mwaka 1998 huko London, badiliko dogo la protini ya beta ya ENaC liitwalo T594M lilionekana zaidi kwa watu weusi wenye presha kuliko wasio nayo, ingawa tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote. Na jaribio lililofanyika Nigeria, Kenya na Afrika Kusini, lililochapishwa mwaka 2017, lilionyesha kuwa kuchagua dawa kwa kufuata renini na aldosteroni kulidhibiti presha sugu vizuri zaidi kuliko huduma ya kawaida. Ndiyo maana napendelea potasiamu ya siku ya kwanza iandikwe kwa wino unaoonekana.

Ukoo ndio uliobaki. Kila mtoto wa mwenye ugonjwa huu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Mdogo wa kiume alikuwa na presha 118/74 na potasiamu 4.1, tukamwachia. Wa kike, aliyekuja na sare ya shule, alikuwa na 146/94 na potasiamu 3.4, na hakuwa na dalili yoyote. Ameanza amiloridi kwa dozi ndogo. Mama ndiye aliyenipa kazi ngumu. Katika kadi yake ya miaka mingi iliyopita kulikuwa na potasiamu ya 3.1, nayo pia ililaumiwa kidonge cha kukojoza, lakini sasa kreatinini yake iko juu, mikromoli 148 kwa lita, na figo iliyodhoofika ikipewa amiloridi inaweza kupandisha potasiamu hadi kuhatarisha moyo. Tulianza na miligramu 2.5 kwa siku na kumpima damu kila wiki kwa mwezi mzima. Ilifika 4.8 ikasimama, na presha yake ikashuka hadi 142/88, kiwango ambacho anasema hajawahi kukiona tangu amzae huyu wa kwanza.

Marehemu mjomba aliacha watoto wawili, ambao wanaishi Lindi na mama yao. Mama wa kijana alimpigia wifi yake simu mbele yangu na kumweleza kwamba kile kilichomwangusha mume wake kinapimika. Mkubwa, msichana wa miaka 12, ameshafika Dar es Salaam. Presha yake ni 132/86, na damu yake imechukuliwa kabla hajapewa dawa yoyote.